Nilivyoipima baiskeli yangu kabla ya kushuka Uluguru

Rafiki zangu wawili wa Ukonga walipanga kwenda Morogoro kushuka na baiskeli kutoka Morningside, juu kwenye milima ya Uluguru, hadi mjini, nami nilitaka sana kuwemo. Yangu ni baiskeli ya milimani ya mtumba niliyoinunua Ilala: fremu ya alumini, shokapu mbele tu, breki za diski za waya. Vilima vya Pugu navimudu vizuri. Lakini Pugu unashuka dakika tatu umefika bondeni, na Uluguru ni mlima kweli.

Nikaiosha kwa sabuni, nikaitoa juani na kukagua pale bomba la chini linapoungana na shingo ya usukani, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Nzima. Karibu na pedeli nikaona kibandiko chenye namba 3 ambacho siku zote sikukijali. Katika madaraja ya ASTM, shirika linaloweka viwango vya bidhaa, namba 3 ni baiskeli ya njia za mashimo na mawe, na kuruka au kudondoka kusikofika sentimita 61. Namba 4 ndiyo inayokwenda hadi sentimita 122. Wenzangu walikuwa wanazungumzia kuruka kingo zinazofika kifuani mwa mtu.

Jumamosi alfajiri nikaenda Pugu. Nilifunga mpira mwembamba kwenye mguu wa shokapu, nikausukuma hadi chini, ili unionyeshe shokapu inazama kiasi gani. Nilipokaa tu, ulipanda kama sentimita mbili na nusu, kiasi kizuri kwa shokapu inayozama milimita 100. Nikashuka kwa kasi kwenye mizizi, bila kuruka chochote, na nilipotazama mpira ulikuwa juu kabisa. Yaani shokapu ilikwisha yote, kishindo kilichobaki kikaingia kwenye fremu na mikono yangu.

Breki zilinitia hofu zaidi. Nilirudia mteremko uleule mara nne bila kupumzika. Mara ya nne wenzo wa breki ulikaribia kugusa usukani na pedi zilinuka kuungua. Pugu unaweza kuiacha baiskeli ikimbie mpaka isimame yenyewe. Penye mteremko mrefu wenye kona na watu wanaopanda na mizigo, kufanya hivyo ni kumhatarisha mtu asiyehusika.

Nikamwendea fundi nikiwa na wazo la kuweka shokapu ya milimita 140.

"Kaka, hiyo naweza kukufungia leo," akasema, "ila mbele itanyanyuka na nguvu yote itakaa hapa shingoni. Fremu hii haikuundwa hivyo."

Nilimwamini, na bado namshukuru. Badala yake tuliweka diski ya mbele ya milimita 180 kutoka 160, pedi mpya pande zote, waya mpya, na tairi la mbele la inchi 2.35 badala ya 2.1. Shokapu tukaiacha.

Wenzangu niliwaambia mapema: nakuja, ila kingo sitaruka, na nitasimama breki zipoe. Hawakubisha. Njiani niliteremka na kuikokota baiskeli mara tano, na mara tatu tulisimama wote, tukanywa maji huku diski zikipoa. Tulipofika mjini niliinama kuutazama ule mpira kabla sijavua helmeti. Ulikuwa umebakiza upana wa kidole kufika juu.