Akakaa Kwetu: Yesu katika Picha za Kim Ki-chang

Masomo: Yohana 1:14, Luka 1:26–38

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

"Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Kim Ki-chang, mchoraji wa Korea, alilipokea Neno hilo kwa macho. Homa ya matumbo ilimfanya kiziwi akiwa mtoto wa miaka saba hivi. Mama yake akamfundisha kusoma na kuandika, kisha akampeleka kwa mchoraji Kim Eun-ho ajifunze kazi.

Vita vya Korea vilimkimbizia mji wa Gunsan, nyumbani kwa mkewe Park Rae-hyun, naye mchoraji. Huko, 1952 na 1953, alianza picha za maisha ya Yesu, ambazo zilifika 30. Yesu amevaa joho jeupe la Kikorea na kofia nyeusi ya singa za farasi. Malaika anamkuta Mariamu kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi.

Alichora kwa wino na rangi juu ya hariri, kazi isiyotaka pupa. Hariri huwambwa kwenye fremu, ikapakwa maji ya gundi ya ngozi yenye shabu kidogo, aina ya chumvi ya madini, ikaachwa ikauke kabisa. Shabu ikipungua, wino hutapakaa. Ikizidi, nyuzi hukakamaa na miaka ikipita hariri hukatika. Rangi nayo huchanganywa na gundi: ikizidi, rangi hupasuka na kubanduka, ikipungua, hutoka kama vumbi ukiigusa. Hupakwa nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiriwa ikauke. Na mstari wa wino ukishashika haufutiki. Ndiyo maana uso wa Yesu, wenye mistari michache tu, unastahili kutazamwa taratibu.

Wako wanaouliza: Yesu alikuwa Myahudi, mbona avikwe kofia ya Kikorea? Swali ni la haki. Lakini hata yule mwenye nywele za dhahabu, tuliyezoea kumwona ukutani, alivikwa sura hiyo na wachoraji wa Ulaya, na hatukuuliza.

Baadaye Kim alifundisha Chuo Kikuu cha Hongik, na akawatumikia viziwi wenzake. Hatufichi kwamba chini ya ukoloni wa Japani alichora pia picha za kuunga mkono vita vyao. Mkono ni uleule.

Wiki hii tusome Luka 1 polepole, tukimwona Mariamu na uzi wake mkononi, kazi ikiwa bado haijaisha, malaika keshaingia.