Tundu la hewa kabla ya mto Ugalla

"Babu, zile treni za dizeli zilikuwa zinafungaje breki?" Mjukuu alikuwa ametoka Dodoma kwa treni ya umeme. Nikaanza kumweleza, mawazo yakanipeleka porini, njia ya Kaliua kwenda Mpanda, usiku, kabla hatujavuka mto Ugalla.

Breki zile zilikuwa za vakyumu. Pampu ya kwenye kichwa inanyonya hewa kutoka bomba linalopita chini ya treni nzima, likiunganishwa kwa mipira kati ya behewa na behewa. Hewa ikinyonywa breki zinaachia, ikiingia zinakamata. Penye tundu treni inajifunga yenyewe. Ni usalama mkubwa, lakini mipira ikizeeka ni mateso.

Usiku ule geji ya dereva, inayopima vakyumu, ilisoma inchi 19, ya gadi, msimamizi wa treni kule nyuma, 11: hewa ilikuwa inaingia mahali. Dereva hakuthubutu kuzima injini, maana betri zilikuwa zimechoka, na kichwa kikizimika porini huenda kisiwake tena. Tukashuka na tochi.

Tundu halitafutwi behewa kwa behewa. Unakwenda katikati ya treni, unaachanisha mipira miwili, ule wa upande wa kichwa unaukalisha kwenye kizibo chake. Mshale wa dereva ukipanda, mbele hakuna tundu, ubaya uko nyuma. Unaunganisha tena, unakwenda katikati ya nusu hiyo. Mabehewa 16 unayamaliza kwa kugawa mara nne.

Tulipobakiwa na behewa moja, mzee wetu gadi akazima tochi. Akawaomba abiria walioshuka wanyamaze, akainama, akasikiliza. Kisha akachana kikaratasi chembamba, akakipitisha taratibu kandokando ya mpira. Kwenye shingo, pale mpira unapovaa chuma, kikaratasi kikaruka kikang'ang'ania.

"Shika hapo hapo, mwanangu."

Mpira wa akiba haukuwepo. Abiria mmoja mwenye baiskeli akatoa tyubu kuukuu. Mzee akakata ukanda wa upana wa vidole viwili, akaupaka grisi, akaanzia penye mpira mzima akizungusha kuelekea kwenye ufa, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, akivuta kwa nguvu. Mwisho akafunga kwa waya. Kwenye breki za upepo, ambazo bomba lake linajazwa hewa ya kusukuma, kiraka kama hicho kingeruka. Kwenye vakyumu hewa inakivuta ndani, inakibana kwenye ufa.

Geji ya gadi ikapanda: 13, 15, 17. Silinda chache za breki nyuma ziligoma kuachia, tukapita tukivuta waya zake za kufungulia moja moja, kisha treni ikaondoka.

Hadi leo sijaamua kama ule niuite ufundi au kuzoea shida. Mpanda nako hapakuwa na mpira mpya, tyubu ikarudi hadi Tabora. Huko walikata ncha iliyooza, wakauvika mpira upya kwenye chuma, wakakaza klempu. Ulibaki mfupi kuliko wenzake, na kila treni ilipoingia kwenye kona ulikuwa unavutika.