Majaketi yaliyokuwa yanalala chini ya meza

Jamani naandika haraka kabla sijafungua kibanda. Mimi na mdogo wangu tunauza mitumba Ilala, na kila anayefanya hii kazi anajua belo la kilo 45 huchagui, unakutana na kilichomo, sasa sisi kila mara ni masweta mazito na majaketi ya baridi ya Ulaya ambayo kwa joto la Dar hata ukinadi mia tano mia tano watu wanapita tu. Yalijazana chini ya meza mpaka panya wakazalia humo.

Masika hii usiku mmoja tumechelewa kurudi, mvua imepiga kweli, Kariakoo kwenye baraza la duka nikamwona mzee kajikunja juu ya boksi, kajifunika kiroba, anatetemeka. Nililia. Kesho yake tukatoa yote tukafua, tukarudishia vifungo na zipu (usimpe mtu nguo ambayo wewe mwenyewe usingevaa), saa nne usiku tukapakia kwenye bajaji.

Nikamwamkia yule mzee, nikamwambia baba chagua mwenyewe. Akapitia moja moja, akaacha yote mazuri akachukua la bluu lililopauka. Nikamuuliza mbona hilo? "Lina mfuko wa ndani mwanangu, kitambulisho changu hakitalowa tena."

Tangu hapo kila belo tunatenga nguo za wanaolala nje. Shida ni watoto, nguo zao zinatoka haraka hazibaki, kwa hiyo tunatoa nguo tano kwenye zile zile za kuuza. Wenye vibanda jirani, soksi jamani, soksi zinaulizwa sana.