Siku ya saba bila choo

Kuhusu mgongo wenyewe sina mengi. Diski ilibana mshipa wa fahamu, mguu wa kushoto ukawa unawaka moto, nikafanyiwa operesheni Dar na siku ya nne nikarudishwa Tanga nimelazwa kiti cha nyuma cha gari. Kilichonitesa ni kitu ambacho hakuna aliyenitajia: choo.

Wodini sikupata. Nyumbani siku ya tano hola, ya sita hola. Tumbo likakaza kama ngoma. Mke wangu, kwa huruma, akanipikia bada, ugali wa muhogo, na samaki wa kukaanga, nami nikala huku maji nikiyakwepa makusudi, maana kuamka tu kwenda kukojoa kulikuwa vita. Shangazi akaongeza papai na matembele. Nikala kama mbuzi, koo kavu, na tumbo likazidi kujaa gesi.

Siku ya saba nikaamua kulazimisha. Sisi huku Ngamiani choo kipo uani, cha kuchuchumaa. Nikashika ukuta, nikajikamua, mshono ukavuta na kitu kama umeme kikapita kiunoni. Nikatoka nimelowa jasho, mikono mitupu.

Simu ya wodi nilikuwa nayo, lakini mwanamume wa miaka 52 ataanzaje? Mke wangu akanipokonya. "Sista, Baba Zuhura hajapata choo wiki nzima."

Nesi hakucheka. Aliuliza kwanza kama mkojo unatoka vizuri, kama miguu ina nguvu, kama natapika, na kama nikijisafisha nahisi mkono wangu. Ningekuwa na ganzi katikati ya mapaja, au mkojo umegoma au unajitokea wenyewe, alisema nisingoje kesho, niende hospitali saa hiyohiyo. Ndipo akauliza ninameza nini. Tramado, ile dawa kali ya maumivu. "Basi ndiyo inayokufunga. Inapunguza mwendo wa utumbo, choo kinakaa humo kinanyonywa maji mpaka kinakuwa jiwe."

Akaongea na daktari. Tramado ikapunguzwa, nikabaki zaidi na paracetamol. Nikaandikiwa laktulozi, dawa ya maji tamu ya kukera, inayochukua siku moja au mbili kufanya kazi, na bisakodili ya kuweka kwa nyuma. Hiyo ya nyuma haikufika hata saa nzima. Sitaeleza zaidi, ila nilimwita mke wangu nikicheka na machozi.

Kazi ikabaki kwenye kuchuchumaa. Jirani yetu fundi seremala alichukua kiti cha plastiki, akakata tundu la duara na kulipiga msasa lisinichubue. Mara ya kwanza miguu ya kiti iliteleza kwenye sementi yenye maji. Akakata ndala kuukuu, akaivisha kila mguu kipande. Chini ya nyayo niliweka tofali moja moja, magoti yapande kidogo. Niseme ukweli, kile kiti kilinisaidia kuliko papai zote za shangazi.

Baada ya hapo nilikwenda msalani kila asubuhi baada ya chai, hata bila haja, kwa sababu utumbo huamka ukishapata kitu cha moto. Nakaa dakika chache, napumua kwa mdomo, sijikamui, kisipokuja nanyanyuka. Jagi la maji lilikaa kitandani, na machungwa ya Muheza niliyala na nyama zake, si juisi. Jioni nilitembea na mkanda kiunoni, kwanza mpaka mlangoni, baadaye mpaka kona ya barabara, watoto wakihesabu hatua kwa sauti.

Mwezi uliopita niling'olewa jino. Pale dirishani kijana wa dawa hajamaliza kuandika kwenye bahasha nikamuuliza, "Hivi vinafunga choo?"

Watu wa foleni wakageuka. "Hapana mzee," akasema, "hii ni panadol tu."