Chati ya Smith: gawanya kwa 50 kwanza

Chati ya Smith ni mchoro wa duara wa kusoma impidansi (upinzani wa antena kwa mkondo wa redio), na katikati yake ni omu 50 za redio na kebo yako. Antena ikisoma omu 25 - j50 (25 ni ukinzani, sehemu yenye j ni riaktansi, yaani upinzani wa koili au kapasita) kwenye MHz 145, gawanya kwa 50: pointi yako ni 0.5 - j1. Nusu ya chini ya chati ni upande wa kapasita, basi dawa ni koili. Koili ya mfululizo yenye riaktansi ya omu 25 (nH 27 hivi) inakupandisha hadi 0.5 - j0.5. Igeuze kuwa admitansi (1 gawanya kwa impidansi): 1 + j1. Koili ya pili ya omu 50 (nH 55), sambamba upande wa redio, inaifuta hiyo +j1 na unatua katikati kabisa. Naipenda sana hatua hii. Hesabu nzima unaiona kwa macho.

Ila wengi hupima kwenye ncha ya kebo iliyo upande wa redio wakidhani wanaiona antena. Kebo huizungusha pointi kufuata mshale wa saa, duara zima kila nusu ya urefu wa wimbi. Kwa kebo ya koaksi yenye kasi ya 0.66 ya mwanga, hiyo ni sentimita 68 tu! Tena kebo ndefu hupoteza nguvu na kuivuta pointi kuelekea katikati, SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena) ikaonekana nzuri kuliko ilivyo. Kalibreti kifaa cha kupimia (kwa ncha wazi, shoti, kisha omu 50) kwenye ncha inayofungwa kwenye antena.