Baba mdogo wangu si mfupi

Nilitaka barua ya familia ifasiriwe kwa Kiingereza niambatishe kwenye maombi ya viza. Nikampa kijana wa steshenari, elfu kumi, nusu saa tu. Nafika nyumbani nasoma: "baba mdogo" aliyenilea kageuzwa baba mwenye umbo dogo! Mwenyewe ana futi sita. Kacheka mpaka kapaliwa na chai.

Kesho yake nikaenda BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa. Kumbe Baraza lile la tangu 1967 halikazani na Kiswahili cha watangazaji tu. Linafasiri hati na kuthibitisha tafsiri pia. Safari hii ba'mdogo katoka kama ndugu wa baba.

Sasa nawinda kamusi ya Kihaya, ya karatasi. Mwenye nayo aniazime jamani, nitairudisha.