Nambari 384 katika sura ya tatu

Kisumu, Jumapili jioni

Ukisoma tasnifu za uzamili zilizopima kaya za huku kwetu, ziwe za malaria, elimu au mpunga, hutakawia kukutana na 384 kama idadi ya kaya za kuhojiwa. Imekaa katika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, kana kwamba ni sheria ya nchi. Mwanafunzi anaiandika, msimamizi anaipitisha, na mtahini hushtuka tu akiikosa.

Nambari yenyewe haina kosa. Inatokana na fomula ya William Cochran: 1.96 (kizidishi cha uhakika wa asilimia 95) kwa kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, kisha ugawe kwa 0.05 (kosa la asilimia 5 unalolikubali) kwa kipeo cha pili. Unapata 384.16. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linafika hapo hapo idadi ya watu inapofika milioni. Fomula ya Yamane hutoa 400 kwa kuwa imeichukua 1.96 kama 2. Lakini zote zina sharti moja: kila kaya ichaguliwe peke yake, bila kutegemea kwamba jirani yake amechaguliwa.

Sasa, ni nani anayefanya utafiti hivyo Nyando au Seme? Orodha ya kaya zote za kaunti ndogo haipatikani kwa urahisi, na kaya 384 zilizotawanyika ovyo zitamaliza pesa ya boda kabla ya kazi kufika nusu. Kwa hiyo mwanafunzi anachagua vijiji sita, anahoji kaya 64 katika kila kimoja, na jumla inatoka 384 barabara.

Hapo ndipo hesabu inapovunjika. Majirani wa kijiji kimoja katika nyanda za Kano wanapakana na mashamba yale yale ya mpunga, wanaumwa na mbu wale wale, wanatibiwa zahanati moja na pengine waligawiwa neti siku moja. Ukishahoji kumi, wa kumi na moja anakuambia mapya machache. Ni kama kuonja chungu kimoja mara sitini na nne ilhali jikoni kuna vyungu mia.

Leslie Kish alitupa kipimo cha hasara hiyo, athari ya muundo wa sampuli: 1 + (m − 1)ρ. Hapa m ni kaya za kila kijiji, na ρ ni kiasi ambacho watu wa kijiji kimoja wanafanana. Weka ρ ya 0.05 tu, ambayo ni ndogo, na m ya 64. Athari ni 4.15. Zile kaya 384 zina uzito wa kaya 93 hivi zilizochaguliwa moja moja. Zaidi ya hayo, vijiji sita vinakuachia digrii huru tano tu (idadi ya vijiji ukitoa kimoja), na kwa tano kizidishi ni 2.57, si 1.96. Ukingo wa kosa, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupotoka juu au chini, unakuwa asilimia 13 kila upande. Tasnifu imeandika 5. Kwangu hilo ni jambo zito, kwa sababu kuna afisa wa afya ambaye siku moja ataisoma ile 5 na kuiamini.

ρ utaipata wapi? Ripoti ya utafiti wa afya ya 2022 ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya, uliochagua maeneo 1,692 ya kuhesabia na kaya 25 kutoka kila eneo, ina majedwali ya makosa ya sampuli mwishoni. Hapo kuna mtego: kinachochapishwa ni DEFT, kipeuo cha pili cha athari ya muundo, yaani kipeo cha pili bado hakijapigwa. Ukiona 1.5, athari ni 2.25. Kisha toa 1, ugawe kwa wastani wa waliohojiwa kwa kila eneo ukipunguza mmoja. Kwa wastani wa 20 ρ inatoka takriban 0.066. Athari hiyo inabeba pia tofauti za uzito wa sampuli (idadi ya kaya ambazo kila kaya iliyohojiwa inaziwakilisha), kwa hiyo ichukue kama makadirio ya upande wa tahadhari.

Swali linalobaki ni kaya ngapi kwa kijiji, na jibu lake linategemea pesa. Tuseme kufika kijijini, pamoja na kuorodhesha kaya na kumwona mzee wa kijiji, ni shilingi 6,000, na kila hojaji ni 500. Gawanya gharama ya kwanza kwa ya pili, zidisha na (1 − ρ)/ρ, tafuta kipeuo cha pili: kwa ρ ya 0.05, 12 mara 19 ni 228, kipeuo chake ni 15 hivi. Kwa kaya 15, athari ni 1.7, unahitaji kaya 654 (384.16 mara 1.7), na ukiongeza wasiopatikana asilimia 10, ni 727, yaani vijiji 49 na shilingi 661,500. Kwa kaya 25 vijiji vinapungua hadi 38 lakini gharama inapanda kufika 703,000. ρ ikiwa 0.2, jambo linalowezekana kabisa pale malaria ya mwambao wa ziwa inapotofautiana sana kati ya kijiji na kijiji, kaya saba zinatosha kwa kila kijiji.

Wanafunzi wengi hawana laki sita. Ni sawa. Vijiji 20 vya kaya 15 vinagharimu 270,000 na kukupa ukingo wa asilimia 8 hivi. Andika 8. Tasnifu yenye 8 ya kweli naiheshimu kuliko yenye 5 ya kunakili.

Kijijini kwenyewe, kosa la kwanza ni kuhesabu boma badala ya kaya. Ndani ya dala moja, yaani boma la Kijaluo, kuna nyumba ya mama, ya mke mdogo, na simba (vibanda) za wavulana, baadhi wakiwa wameoa na wanapika kivyao. Kaya ni watu wanaomtambua mkuu mmoja na kula chungu kimoja. Ukichagua dala kisha ukahoji kaya moja kati ya tatu, lazima uzito wa kaya hiyo uzidishwe kwa tatu. Usipofanya hivyo, dala kubwa zitapunjwa. Orodhesha upya pia, kwani hesabu ya watu ilikuwa Agosti 2019 na simba hujengwa kila mwaka.

Kwenye uchambuzi, kupuuza vijiji kunafanya makosa sanifu, vipimo vya kuyumba kwa makadirio, yawe madogo mno. Athari ikiwa 2.2, thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) ya 0.02 uliyoifurahia ni kama 0.12. Katika R, programu ya takwimu, kifurushi cha survey kinatosha: svydesign ipewe kijiji, tabaka (kundi la vijiji lililochaguliwa kivyake) na uzito, kisha svyglm badala ya glm, amri ya kawaida ya kukadiria modeli. Kama namba za vijiji zinaanza upya kila tabaka, ongeza nest = TRUE, la sivyo programu itagoma. Tabaka lenye kijiji kimoja pia litaigomesha, na dawa yake ni kuchagua angalau viwili tangu mwanzo.

Haya yote yanahitaji safu moja katika faili ya data: namba ya kijiji. Iandikwe juu ya kila hojaji kabla ya kutoka kijijini, kwa maana baada ya hojaji kuchanganywa ofisini hakuna programu itakayoirudisha.